Objektifu ya sinema: mbele ya kutoa makuta, tujue tunanunua nini

Siku ya mposho, ukipita mbele ya nyumba ya komini mu Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, utahesabu kamera nyingi kuliko mabibi arusi. Vijana wenye kupiga video wamekuwa wengi. Wanafanya arusi, matanga, ubatizo, klipu za wanamuziki, matangazo ya maduka. Wengi wao ni watoto wa watumikaji wa mugodi ao wa wakreseri, na kamera yao ya kwanza ilitoka mu feza ya papa. Leo wanarudia kwa papa na neno mpya: «Papa, kamera iko. Sasa minataka objektifu ya sinema.»

Papa anauliza bei. Anasikia dola mia tatu, mia nne, mia tano, na ni kwa kipande kimoja tu. Anashangaa: kamera ilinunuliwa bila jicho? Apana, jicho iko nayo. Basi ile ingine ni ya nini? Tunataka kujibu ulizo hilo leo, sababu ni feza ya nyumba njo itatoka.

Feza ya dekonte haina ndugu

Wazee wa Gécamines wanakumbuka miaka 2003 na 2004, wakati watumikaji zaidi ya 10 000 walitoka kwa kazi kwa mupango wa kuondoka kwa mapenzi, kila mumoja na malipo yake ya mwisho. Kuko wenye walinunua gari la kubeba watu, kuko wenye walinunua mashini ya kusaga unga. Vitu vyenyewe havikuwa vibaya. Lakini wenye walinunua chombo mbele ya kuhesabu kazi chombo kile kingeleta, walibaki na chuma mu lupango. Objektifu ni chombo sawa na ile mashini ya kusaga. Haizae makuta peke yake. Inasaga paka kama mahindi iko.

Tofauti iko wapi?

Objektifu ya foto na ya sinema zinafanya kazi moja: kukusanya mwanga na kuuleta ku kapteri, ile kibao kidogo ya ndani ya kamera chenye kupokea picha. Vioo vyenyewe mara nyingi ni vile vile. Tofauti iko mu ginsi mukono unatumika.

Kwanza, pete ya kulenga. Ku objektifu ya foto, pete inazunguka kidogo tu. Ukiigusa, picha inaruka. Ku ile ya sinema, pete inazunguka sana, mara nyingi digri 200 mpaka 300. Hapo mupiga video anaweza kutoka pole pole ku uso wa bibi arusi mpaka ku uso wa mama yake mwenye kulia, na watu hawataona mahali alipohamia. Tena pete ile iko na meno inje, kusudi gurudumu ya kuzungushia ishikane nayo.

Pili, diafragma, ule mulango wa mwanga. Objektifu nyingi za foto zinafunguka kwa kugonga: tak, tak, tak. Kila mugongo unaonekana mu video kama mwanga wenye kushituka. Ile ya sinema inafunguka laini, bila kugonga. Mikro pia haisikie kelele.

Tatu, objektifu za sinema zinatengenezwa kwa jamaa. Zile za jamaa moja ziko na rangi yenye kukaribiana, na pete zake ziko karibu mahali pamoja. Ukitoa moja na kuweka ingine, haupange vyombo vyote upya.

T ni kama tenere

Ku objektifu ya foto utasoma herufi f: f/1.4, f/2. Ku ile ya sinema utasoma T: T1.5, T2.2. Msomaji mwenye alishauzisha mawe ku Musompo ataelewa haraka. Kilo zenye baskili inaonyesha ni jambo moja, lakini yenye inalipa ni tenere, kisha kutoa maji. Na f ni vile: ni hesabu ya upana wa mulango kwa urefu wa objektifu. Lakini kila kioo kinakula mwanga kidogo. T ni mwanga wenye kufika kweli ku kapteri, kisha vioo kukata sehemu yao. Kwa hiyo objektifu mbili za T2 zinakupa mwanga sawa, hata kama fabrike si moja.

Namba ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. T1.5 inaingiza mwanga mara nne kuliko T3. Kwetu jambo hilo si la mapambo. Delestaje ikikata umeme saa moja ya magaribi, arusi haisimame. Mu 1975, Stanley Kubrick alitoa filme Barry Lyndon, yenye sehemu zilizopigwa kwa mwanga wa mishumaa. Alitumia objektifu ya Zeiss ya f/0.7, yenye ilitengenezwa kwa mipango ya NASA. Sisi mishumaa tunaijua bila NASA, na T1.5 inatosha kabisa kwa taa moja ya betri yenye kuwekwa vizuri.

Nani anaihitaji, nani haiihitaji

Hapa tuseme kweli, hata kama kijana atakasirika. Kwa mupiga arusi mwenye kutembea peke yake kati ya watu, objektifu ya sinema inaweza kuwa mateso. Karibu zote za bei ndogo hazina otofokasi: ni mukono wako njo unalenga. Bibi arusi anakuja akicheza, wewe unazungusha pete, picha inakuwa ukungu, na saa ya kuvalishana pete haitarudia. Kwa kazi ile, zumu moja nzuri ya foto, yenye otofokasi, inashinda objektifu tatu za sinema.

Ile ya sinema inalipa kwa kazi zenye unaweza kusema «turudie»: klipu ya muziki, tangazo, filme fupi, mahojiano na mutu mwenye kukaa ku kiti. Basi ulizo ya kwanza ya papa si bei. Ni hii: «Mwezi uliopita ulifanya klipu ngapi, arusi ngapi?»

Angalia kamera mbele ya kuangalia objektifu

Jambo la kwanza ni monturi, ile shingo yenye kushika objektifu ku kamera. Objektifu ya Sony haiingie ku Canon. Kamera za sasa zisizo na kioo cha ndani zinaweza kupokea objektifu za Canon EF za zamani kwa njia ya pete ya kuunganisha. Kwa hiyo mutu mwenye kufikiri atabadilisha kamera kesho anaweza kuchagua monturi EF leo.

La pili ni ukubwa wa kapteri. Objektifu ya milimetre 35 ku kamera ya kapteri kubwa inaona sebule nzima. Ku kapteri ya APS-C inaona kama 52, na ku ile ya Micro 4/3 inaona kama 70: sebule imekuwa uso wa mutu mumoja. Tena objektifu yenye ilitengenezwa kwa kapteri ndogo, ukiiweka ku kubwa, inaacha giza ku pembe. Ile ya kapteri kubwa inatumika ku kamera ndogo pia, kama monturi inakubali. Ni sawa na kununua shati ya mutoto: ile yenye kumupita kidogo itamufaa mwaka ujao.

Majina yenye unaweza kusikia

Objektifu za Cooke za Uingereza, za ARRI ao za Zeiss za Ujerumani, zinauzwa maelfu na maelfu ya dola. Hata watengenezaji wa filme kubwa mara nyingi wanazikodisha tu. Tusipoteze usingizi juu yake.

Za bei ndogo, Samyang ya Korea ya Kusini ilifungua njia: 24, 35, 50 na 85 za T1.5, za kapteri kubwa. Marekani zinauzwa pia kwa jina la Rokinon. Kitu ni kile kile. Kutoka China kuko Meike, yenye objektifu ndogo za T2.2 kwa kamera za kapteri ndogo, kuko 7Artisans, na kuko SIRUI, yenye mu 2023 ilitoa zile za T1.2 za 24, 35 na 55, kwa bei ya kwao chini ya dola 400 kila moja. Bei ya kwao si bei ya hapa: ongeza ndege, dwane na komisyoni ya mutu mwenye kukuletea kutoka Dubai ao Guangzhou.

Kwa mwenye mufuko mwepesi sana, kuko njia ya wazee: Helios 44-2 ya milimetre 58, f/2, yenye ilitengenezwa mu Urusi ya zamani ya Kisovieti. Iko ya chuma, diafragma yake haigonge, na inafungwa ku kamera za leo kwa pete ya bei ndogo. Haina meno, lakini mutu anaweza kuivika pete ya meno.

Usinunue jamaa nzima. Mbili zinatosha kuanza: 35 na 85 kwa kapteri kubwa, ao 24 na 50 kwa ndogo. Moja ya kuonyesha mahali, moja ya kuonyesha uso.

Mbele ya kulipa, fanya haya

Objektifu ya mukono wa pili, usilipe ku foto ya telefone. Ishike. Washa tochi, ipitishe ndani kwa nyuma, angalia kwa mbele. Ukiona nyuzi nyeupe kama za buibui, ni kuvu: achana nayo. Mukwaruzo mudogo mbele hauui picha. Ule wa nyuma ni mubaya zaidi. Zungusha pete zote: zisikwame, zisicheze. Fungua na kufunga diafragma: majani yake yasiwe na mafuta. Kisha iweke ku kamera yako, lenga kitu cha mbali kabisa, kama shimini ya Lubumbashi. Isipokuwa wazi, kuko shida ya monturi. Mwisho, zungusha pete ya kulenga huku unaangalia ekra: picha isivutike na kuachia sana kama kifua cha mutu mwenye kupumua.

Hesabu ya mezani

Tuseme objektifu mbili ni dola 800, na mpaka zifike hapa ni 1 000. Tuseme kila klipu inamuachia kijana dola 40 safi, kisha taksi na musaidizi. Inamuomba klipu 25 kurudisha feza ile. Akifanya mbili kwa mwezi, ni mwaka muzima na zaidi. Sasa tuseme mwenzake anamukodisha zote mbili kwa dola 15 kwa siku: ataendelea kupata 25 kila klipu, bila deni. Mpaka afikishe siku 67 za kukodisha njo atakuwa ametoa ile 1 000. Kila mutu aweke namba zake mu hesabu hii. Mwenye kazi nyingi, anunue. Mwenye kazi mbili tatu, akodishe, ao vijana watatu wachangie na waandike karatasi mbele ya wazazi.

Tena kuko vitu vyenye kijana hasemi. Ku T1.5, jua letu la kiangazi linaunguza picha. Inaomba filtri ya kupunguza mwanga. Inaomba trepye yenye kusimama vizuri. Na inaomba mikro: watu wanavumilia picha ya wastani, lakini sauti mbaya hawaivumilie. Kama mikro haiko, mikro ianze, objektifu ifwate.

Vumbi ya kwetu

Vumbi ya barabara za migodi ni adui namba moja. Usibadilishe objektifu mbele ya gari lenye kupita. Kioo usikipanguse na shati: punje moja ya muchanga inakwaruza. Puliza kwanza na mupira wa hewa, kisha kitambaa laini. Wakati wa mvua, weka objektifu mu kisanduku chenye kufungika, pamoja na vile vifuko vya kukausha maji vyenye kutoka mu sanduku za viatu. Kuvu inapenda giza na unyevu.

Kitu kimoja tena. Betri nyingi za kamera hizo ziko na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wetu. Mu teri ya Lubumbashi, ule mulima mweusi wa takataka za kiwanda, kunatoka jermanyumu, yenye inatumika mu objektifu za kuona joto usiku. Mawe yanaenda, yanarudi na bei ya dola mia nne. Kazi yenye inaweza kubaki hapa ni ile ya jicho. Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, aliweka foto za zamani za watumikaji juu ya foto za viwanda vilivyobomoka, na dunia ikaangalia. Watu hawakuuliza objektifu yake ilikuwa T ngapi.

Basi, papa akiombwa feza, asikatale haraka, asitoe haraka. Amuambie mutoto alete vitu vitatu: jina la monturi ya kamera yake, orodha ya kazi za miezi tatu, na klipu moja yenye alipiga na objektifu ya kukodisha. Kama vyote vitatu viko ku meza, mazungumuzo yanaweza kuanza.