Dozi Moja ya Juba

Juni 2015 mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa Juba. Watu wapatao milioni moja walikuwa hatarini, na chanjo haikuwatosha kwa sababu akiba ya dunia nzima ilikuwa imepungua. Chanjo iliyopatikana, Shanchol, ilitakiwa kunywewa mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Uamuzi ukawa mgumu: wachache wapewe dozi zote mbili, au wengi wapewe moja moja? Wakachaguliwa wengi. Kampeni ya afya ya umma ilikuwa haijawahi kuendeshwa hivyo kwa dozi moja ya chanjo hiyo popote duniani.

Mwanafunzi wa udaktari anayeanza somo la kinga ya mwili hapa Juba asilianze kwa kukariri majedwali ya seli. Aanze na swali la mwaka ule: dozi moja ingetosha? Akilifuatilia mpaka mwisho atakuwa amepitia sehemu kubwa ya misingi ya somo lenyewe.

Kimelea cha kipindupindu, Vibrio cholerae, hakivamii damu. Hujibandika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kumwaga sumu. Sumu huingia katika seli za ukuta na kuzifanya zitoe kloridi kwa wingi. Chumvi ikitoka, maji huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Kinga inayohitajika zaidi basi ni ile inayofanya kazi ndani ya utumbo: kingamwili za aina ya IgA, ambazo seli za ukuta huzipitisha hadi kwenye ute, zikawanase bakteria kabla hawajajibandika. Ndiyo maana chanjo hii haidungwi. Kichupa hutikiswa, mililita moja na nusu ya bakteria waliouawa humiminwa mdomoni, na kazi ya mhudumu imekwisha.

Kazi ya mwili ndiyo inaanza. Kwenye mabaka ya Peyer ya ukuta wa utumbo, seli ziitwazo M huchota chembe za bakteria, yaani antijeni, na kuzikabidhi kwa seli za dendriti, nazo huzionyesha kwa seli T saidizi. Seli B chache, zile tu ambazo vipokezi vyake vinalingana na antijeni hizo, hupata msaada wa seli T na kuanza kugawanyika. Baadhi hugeuka watengenezaji wa kingamwili. Nyingine hubaki kuwa seli za kumbukumbu. Kwa mwili ambao haujawahi kukutana na kimelea, shughuli hii huchukua siku nyingi. Kwa mtu aliyewahi kuambukizwa, hata kama hakuugua, kumbukumbu ipo tayari: dozi moja huiamsha, na kingamwili huja upesi.

Juba haikuwa ngeni kwa kipindupindu. Mwaka 2014 tu kilikuwa kimepita humo, na wakazi wengi hununua maji ya malori ya tangi yanayojazwa kutoka Mto Nile. Kati ya Agosti na Septemba 2015, mtafiti Andrew Azman na wenzake walichunguza watu 87 walioshukiwa kuwa na kipindupindu, wakathibitisha 34, kisha wakalinganisha uchanjaji wao na wa wakazi waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa muda mfupi ule, dozi moja ilikadiriwa kukinga kwa asilimia 87. Wagonjwa walikuwa wachache, kwa hiyo makadirio yenyewe yalianzia 70 hadi 100, na mwanafunzi asiisome 87 bila kuyatazama hayo.

Jaribio la dozi moja lililofanyika Dhaka, matokeo yake yakatolewa 2016, lilionyesha upande wa pili: watoto wa chini ya miaka mitano hawakupata kinga ya kutegemewa. Nadharia ya kumbukumbu inalieleza hilo vizuri, maana wengi wao hawajawahi kukutana na kimelea.

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975, na vita vikakihamishia Khartoum mwaka 1989. Miaka mingi wanafunzi wake walisoma mbali na mji huu. Waliopo sasa wana mfano wa kiwango cha dunia mtaani kwao, na naona ni haki yao kufundishwa kwa mfano huo.

Mfano huo haukuishia Juba. Oktoba 2022 akiba ya chanjo ilipungua tena huku milipuko ikiongezeka nchi baada ya nchi. Kundi la kimataifa linaloisimamia akiba hiyo likasimamisha dozi ya pili katika kampeni za kukabili milipuko, likaagiza kila mtu apewe moja.