Malkia wawili waliotupwa Kampala

GISENYI – Kijana mmoja anayebadilisha faranga na dola hapa Nengo alirudi kutoka Kampala akiwa na habari iliyowafanya wenzake wamcheke siku nzima. Alicheza mashindano ya poka katika kasino moja, akapewa malkia wawili, mwenzake akasukuma mezani chipu zote alizokuwa nazo, na yeye akatupa karata.

“Malkia wawili umewatupa?” aliuliza mama mmoja muuza nyanya, ambaye tulikuwa tumekaa naye kando ya ziwa. “Mwanangu, wewe umerogwa?”

“Mama, tulibaki wanne na wanaolipwa ni watatu,” alijibu. Mama hakuridhika. Mimi pia sikuridhika, mpaka tulipochukua kijitabu chake cha madeni na kupiga hesabu.

Wachezaji wa poka hukiita kipindi hicho povu. Ni pale anapobaki mtu mmoja wa kutoka mikono mitupu kabla wengine wote hawajaingia kwenye zawadi. Mwaka 2003 Mmarekani Chris Moneymaker alipotwaa ubingwa wa dunia kule Las Vegas, watu 839 waliingia kwa dola 10,000 kila mmoja na waliolipwa walikuwa 63 tu. Wa 63 alipata dola 15,000. Wa 64 aliondoka na stori.

Yale ya Kampala yalikuwa madogo. Watu 20, kila mmoja shilingi 50,000 za Uganda, jumla milioni moja. Wa kwanza hupata 500,000, wa pili 300,000, wa tatu 200,000. Kila mmoja huanza na chipu 1,000 (si zile za viazi), kwa hiyo mezani kuna chipu 20,000. Walipobaki wanne kila mmoja alikuwa na chipu kama 5,000. Tuseme zilikuwa sawa kabisa, na dau dogo la lazima tuliweke pembeni, ili hesabu isitusumbue.

Wanne walio sawa wanagombea milioni moja, kwa hiyo nafasi ya kila mmoja ina thamani ya 250,000. Sasa mmoja anasukuma zote. Ukifuata dau ukashindwa, umetoka na sifuri. Ukishinda, una chipu 10,000 na wenzako wawili waliobaki wana 5,000 kila mmoja. Hapo uwezekano wako wa kuwa wa kwanza ni nusu, wa pili theluthi moja, wa tatu sehemu moja ya sita. Zidisha kwa zawadi, ujumlishe: unapata kama 383,000.

Mama alituomba turudie hapo, na alikuwa na haki. Chipu zimeongezeka mara mbili, fedha hazikuongezeka mara mbili. Unahatarisha 250,000 ili uongeze 133,000. Kwa kuhesabu chipu peke yake ungetosheka na uwezekano wa 50 kwa 100. Kwa fedha unahitaji kushinda mara 65 katika kila 100 ndipo usiwe na hasara. Malkia wawili wakikutana na ree na mfalme hushinda kama mara 55. Ni karata nzuri, lakini pale hazitoshi.

Na ile thamani iliyopotea imekwenda wapi? Imekwenda kwa wale wawili waliokaa kimya. Kila mmoja wao alikuwa na 250,000. Mtu mmoja akishatolewa anakuwa na kama 308,000, bila kugusa karata. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaijua picha hii. Wawili wakigombania bei mpaka mmoja afilisike, anayenufaika bila jasho ni jirani wa meza ya tatu.

Lakini tusimfanye kijana wetu kuwa mwenye hekima kupita kiasi. Nilimuuliza: huyo aliyesukuma alikuwa mtu wa namna gani? Akakiri kwamba jamaa alikuwa anasukuma karibu kila mzunguko, kwa sababu alijua wote wanaogopa povu. Basi hapo hesabu inageuka. Mtu anayesukuma karata yoyote, malkia wawili humshinda kama mara 80 katika 100. Kwa mtu wa hivyo alipaswa kufuata dau. 65 ndiyo bei ya kuingia, lakini kujua una ngapi kunategemea kumsoma aliye mbele yako, na hilo halimo kwenye kijitabu chochote. Jamaa naye hakuonyesha karata zake, kwa hiyo hatutajua.

Mama alikuwa kimya kidogo. Kisha akatukumbusha mwaka 2022.

Juni mwaka ule, baada ya askari wa Kongo kuvuka pale Petite Barrière akifyatua risasi na kuuawa, upande wa Kongo ulianza kufunga mpaka saa tisa alasiri. Kongo ilikuwa imetia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili mwaka huohuo. Karatasi zilikuwa zinafunguka, geti linafungwa mapema. Kwa muuza mboga, saa tisa ndiyo ilikuwa povu.

Siku moja, saa saba na nusu, alikuwa upande wa Goma na makreti sita aliyonunua kwa faranga 120,000. Mteja akampa 110,000 kwa yote. Akisubiri, labda angepata mwingine wa 150,000. Asipopata, angerudi na nyanya zilizochoka, na kesho yake zingemletea 40,000 kwa bahati.

Tukaiweka kwenye kijitabu. Akikataa 110,000 anahatarisha 70,000 ili aongeze 40,000. Ili kusubiri kulipe, mteja wa pili lazima aje mara 64 katika 100. Karibu sawasawa na malkia wa Kampala! Kijana alipiga paja lake kwa furaha.

“Hiyo 64 ni ya mtu mwenye pesa yake,” mama akamkata. “Mimi ile 120,000 ilikuwa ya kikundi. Ijumaa narudisha. Nikibaki na 40,000 nanunua makreti mangapi? Mawili. Na kikundini nasema nini?”

Ana hoja ambayo hata hesabu yetu iliiruka. Mwenye mtaji wa milioni mbili anaweza kucheza 64 kwa 100 kila siku, hasara ya Jumanne akaifidia Alhamisi. Mwenye mtaji wa kreti sita akianguka mara moja hana Alhamisi. Kwake yeye bei ya kusubiri iko juu zaidi, pengine 75, pengine 80.

Hata hivyo kukubali kila bei ya chini nako kuna gharama yake. Mezani kuna dau la lazima linalokula chipu za mwoga mzunguko baada ya mzunguko. Sokoni kuna mbebaji, ushuru, na wateja wanaokujua kuwa ikifika saa nane unatetemeka. Hao huja saa nane makusudi. Ndiye yule jamaa wa Kampala anayesukuma kila karata.

“Kwa hiyo uliuza?” nikamuuliza.

“Niliuza makreti manne kwa bei yake. Mawili nikasubiri nayo.”

“Yakauzwa?”

“Moja.”

Poka hairuhusu kufuata dau nusu, kijana akalalamika. Mwenzako akisukuma kiasi ulichonacho, ni zote au kutupa. Yeye alimaliza wa tatu, akachukua 200,000. Toa kiingilio, toa basi la kwenda na kurudi, toa malazi. Mama alianza kumhesabia kwa vidole, naye akakumbuka kwamba kuna mteja anamngoja.