Tairi Lako Litadumu Muda Gani?

Mkulima wa Roret ajua ya kuwa majani ya chai hayangoji mtu. Yakichumwa leo, yapasa kufika kiwandani leo. Yakishindiliwa ndani ya gunia na kucheleweshwa njiani hupata moto, hugeuka rangi, na karani wa kituo huyakataa. Kwa hiyo pancha moja yaweza kumpotezea mtu kazi ya siku nzima. Tena tairi likipasuka mteremkoni, laweza kumpotezea maisha.

Watu wengi huuliza, "Tairi hudumu muda gani?" Hakuna jibu moja. Tairi la gari dogo kwenye lami nzuri laweza kwenda kilometa 40,000 au zaidi. Kwenye murram na mawe halifiki huko. Tairi la baiskeli huenda kilometa elfu chache tu, na la nyuma huisha kwanza kwa kuwa ndilo libebalo mzigo mkubwa.

UPEPO NA MZIGO

Pima upepo asubuhi, tairi lingali baridi. Kiasi kinachofaa huandikwa ubavuni mwa tairi la baiskeli. Cha gari hutazamwa kwenye kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva. Tairi lenye upepo kidogo hujikunja likizunguka, hupata moto, na nyuzi zake za ndani hukatika. Ukizidisha magunia juu ya pikipiki au pikapu, madhara ni yale yale.

Tairi lenyewe litakuonyesha kosa lako. Likiliwa kando zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiliwa katikati, upepo ulizidi. Tairi la gari likiliwa upande mmoja tu, magurudumu hayakunyoka: mwone fundi.

UMRI WA TAIRI

Mpira huzeeka hata ukikaa bure. Kiwanda cha matairi cha Sameer Africa mjini Nairobi kilifungwa mwaka 2016, na matairi mengi yauzwayo sasa hutoka ng'ambo. Huenda yamekaa ghalani siku nyingi. Kabla ya kununua tairi la gari au pikipiki, soma tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT iliyo ubavuni. Zikiwa 2319, lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Likipita miaka 5, fundi alikague kila mwaka. Likifika miaka 10 liondolewe, hata kama meno yake ni mazima. Usisahau tairi la akiba.

WAKATI WA KUBADILISHA

Kati ya meno ya tairi la gari mna vinundu vidogo. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6 tu, na tairi limekwisha. Lakini katika nchi yetu yenye mvua nyingi na udongo wa utelezi, usingoje mpaka hapo. Tairi lolote lenye uvimbe, ufa mrefu au nyuzi zilizotokeza libadilishwe mara moja. La baiskeli la nyuma likiisha, hamishia la mbele nyuma ikiwa bado ni zima, na jipya ulitie mbele.

Ndugu mkulima, chungulia matairi yako leo, kabla ya siku ya kuchuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.