Kupima na Kutambua: Nafasi ya Umeme katika Uchunguzi wa Ngozi

Kitenzi kupima kina mawanda mapana katika Kiswahili. Seremala hupima mbao, muuza duka hupima sukari, na mgonjwa naye hupimwa hospitalini. Katika matumizi haya ya mwisho kitenzi hubeba maana mbili kwa pamoja: kupata kiasi cha kitu, na kuujua ugonjwa. Aghalabu muungano huo hauna madhara. Katika mbinu ya kuchunguza ngozi kwa umeme, hata hivyo, unaweza kumpotosha msikilizaji vibaya.

Mbinu yenyewe hupima impedansi, yaani jumla ya kizuio kinachoukabili mkondo geu. Dhana hii inakaribiana na ukinzani, istilahi iliyozoeleka katika vitabu vya fizikia na iliyonyambuliwa vyema kutokana na kukinza. Lakini ukinzani peke yake hautoshi, kwani utando wa seli hauuzuii mkondo tu, bali huhifadhi chaji pia. Mkondo wa masafa ya chini huzizunguka seli. Ule wa masafa ya juu hupenya ndani yake. Seli za melanoma zinapobadilika umbo, ukubwa na mpangilio, njia ya mkondo nayo hubadilika.

Kifaa cha Nevisense, kilichobuniwa Uswidi na kuidhinishwa Marekani mwaka 2017, hutumia masafa 35, kuanzia kilohezi 1 hadi megahezi 2.5. Ngozi hulowanishwa kwa maji ya chumvi, kisha elektrodi yenye vipini vidogo mno hubanwa kwenye ngozi nzima iliyo jirani, na baadaye kwenye doa linaloshukiwa. Matokeo ni namba, 0 hadi 10. Kuanzia 4 huhesabiwa kuwa chanya.

Chanya ya nini? Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014, kifaa kilinasa asilimia 96.6 ya melanoma. Umahususi wake, lakini, ulikuwa asilimia 34.4 tu: karibu thuluthi mbili ya madoa yasiyo na hatari yalipata chanya vilevile. Mgonjwa anayeambiwa "umepimwa, una 6" atarudi nyumbani akiamini kwamba ana saratani, ilhali kilichopimwa ni mapito ya mkondo. Utambuzi hupatikana pale kinyama cha ngozi kinapokatwa na kutazamwa kwa hadubini.

Nusu ya pili ya tafsiri ya mazoea, "kifaa cha kupima saratani ya ngozi", ina kasoro kubwa zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Saratani inayowaandama sana watu wenye ualbino ni ya seli bapa, si melanoma. Na miongoni mwa Waafrika wenye ngozi nyeusi, melanoma, ambayo ni adimu, huota zaidi kwenye nyayo. Idhini ya Marekani inaitenga ngozi ya nyayo na viganja. "Kifaa cha kukadiria uwezekano wa melanoma" ni jina refu, wala halipendezi katika tangazo, lakini halimwahidi mgonjwa jambo ambalo elektrodi haiwezi kulifanya.