Vilima vya Ntusi: Si Ngome, ni Jaa la Wafugaji

Sisi wa Nassa twalijua jambo hili bila kufundishwa: watu huhama, nyumba huanguka, lakini pale palipokuwa na zizi la ng'ombe udongo hubaki mweusi, na mtama upandwao hapo hustawi kupita mwingine. Basi, msomaji mpenzi, fikiri zizi na jaa la kijiji lililodumu miaka mia kadha mahali pamoja.

Ng'ambo ya Ziwa letu, katika nchi ya Uganda, wilaya ya Sembabule, pana mahali paitwapo Ntusi. Hapo viko vilima viwili vikubwa vilivyofanywa na watu. Kimoja huitwa cha kiume, kingine cha kike. Mtu wa Ulaya avionapo hukumbuka ngome za kwao. Maana Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walirundika udongo mahali pengi, wakajenga mnara wa miti juu yake, wapate kuwatawala wenyeji kwa hofu.

Ntusi hapakuwa na mnara. Wataalamu wa mambo ya kale, miongoni mwao Andrew Reid, walipochimba humo walikuta majivu, vigae vya vyungu, na mifupa ya ng'ombe kwa wingi, tabaka juu ya tabaka. Ni jaa tu! Tena mifupa mingi ni ya ng'ombe wachanga. Hapo mfugaji ataelewa upesi kuliko profesa: mwenye ng'ombe watatu hachinji ndama. Aliyekula hivyo alikuwa na kundi kubwa. Yalionekana pia mawe ya kusagia, kwa hiyo watu hao walilima nafaka. Na shanga za kioo, ambazo hazikutengenezwa huko bara, bali zilipita mkono hata mkono kutoka pwani.

Na miaka yajulikanaje? Kwa makaa. Mti ukiwa hai huvuta kaboni kutoka hewani. Ukifa, sehemu moja ya kaboni hiyo hupungua polepole kwa kipimo kijulikanacho. Kwa njia hiyo Ntusi imeonekana kuwa ya karne ya 11 hadi ya 15 hivi.

Si mbali na hapo, kandokando ya mto Katonga, pako Bigo bya Mugenyi, yaani ngome ya Mgeni. Huko pana mahandaki ya urefu uzidio kilometa 10, mengine yamekatwa katika mwamba. Peter Shinnie alichimba mwaka 1957, Merrick Posnansky mwaka 1960. Wazee husema ni kazi ya Wachwezi, wafalme waliotawala muda mfupi kisha wakatoweka. Jina hilo si geni kwetu, kwa kuwa Usukumani wamejulikana Waswezi. Bigo yenyewe ni ya karne ya 14 hadi ya 16, na katikati yake Posnansky aliona mahali pafananapo na makao ya mfalme. Hivyo wazee wasidharauliwe. Lakini Ntusi ilitangulia, na jaa kama lile halirundikwi katika utawala wa wafalme wawili watatu.

Wengine bado huyaita mahandaki ya Bigo maboma ya vita. Mimi nauliza: askari wangapi wangetosha kulinda handaki la kilometa 10? Kuwazuia ng'ombe wasitoke, na kuwaonyesha majirani ukubwa wa mwenye mji, hapo handaki latosha bila askari hata mmoja.