Nyota Kubwa Hufia Karibu na Kwao

Mlima Meru huwaziba watu wa Nkoaranga, kaskazini mwa Tanzania, nyota nyingi za kaskazini. Kusini ni kweupe. Ardhi inateremka kuelekea Usa River na tambarare zilizo mbele yake, na jioni za Januari zisizo na mwezi huonekana upande huo kiraka hafifu kama moshi usiotawanyika. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi.

Usiku wa kuamkia Februari 24, 1987, mwanafalaki Ian Shelton, akiwa kwenye kituo cha darubini cha Las Campanas nchini Chile, aligundua humo supanova: nyota iliyolipuka, iking'aa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Picha za zamani zikapekuliwa, marehemu akatambulika: Sanduleak -69 202, jitu la buluu lenye uzito wa Jua mara 20 hivi.

Bahati hiyo ni nadra. Supanova nyingi hutokea mbali mno, na picha za awali hazioneshi nyota mojamoja. Hapo wanafalaki huuliza majirani, yaani nyota zilizo karibu na mlipuko.

Sababu ni hesabu tu. Nyota nzito huchoma haidrojeni yake kwa pupa. Jua lina akiba ya miaka bilioni 10. Nyota yenye uzito mara 20 huimaliza kwa takriban milioni 10. Hata ikihama kwa kilomita 10 kila sekunde, muda huo wote itasogea miaka ya nuru 330 hivi, na galaksi yetu ina upana wa 100,000. Kwa hiyo nyota zinazoizunguka huenda zilizaliwa nayo, na umri wao ni umri wake, nao umri hudokeza uzito wake. Mwaka 2000 Nino Panagia na wenzake, kwa darubini ya Hubble, walipima nyota changa zinazoizunguka supanova ya 1987, wakakuta nyingi zina miaka milioni 12 hivi. Inalingana na hesabu hiyo.

Wanafalaki Joseph Anderson na Philip James nao walilinganisha supanova nyingi na mawingu ya gesi yanayong'aa, ambako nyota huzaliwa. Zilizovuliwa haidrojeni na heliamu kabla ya kulipuka ndizo zilizoyakaribia zaidi. Dalili kwamba zilikuwa nzito kuliko zote, maana hazikuishi muda wa kutosha kuondoka kwao. Supanova za vibete vyeupe, yaani masalia ya nyota za uzito mdogo, kinyume chake, hutokea hata kwenye galaksi kongwe ambazo karibu hazizai nyota tena.

Majirani lakini hawajui kila siri. Nadharia ilitarajia Sanduleak afe akiwa jitu jekundu, si la buluu, na umri wa mtaa hauelezi hilo. Wengi sasa wanashuku zilikuwa nyota mbili zilizomezana. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu.

Mwishoni mwa Januari, saa tatu na nusu usiku, ukiwa Nkoaranga, tazama kusini, nyuzi 24 juu ya upeo. Mlipuko hauonekani tena kwa macho, ila mtaa wake uko palepale.