Sauti Hupitaje Hewani, na Huzungukaje Ukuta?

Yeyote aliyepata kusimama pwani akingoja ngalawa ya mzazi wake, hali giza limekwisha kuingia, alijua jambo hili: huita kwa nguvu zake zote asijibiwe, kumbe aliye baharini hasikii. Si udhaifu wa mapafu. Sauti ina njia zake.

Piga ngoma. Ngozi yake yaibana hewa iliyo karibu, nayo hewa hiyo yaisukuma jirani yake, kisha yarudi mahali pake. Basi hewa yenyewe haisafiri. Msukumo ndio usafirio, kama watu waliosimama safu wakisukumana bega kwa bega. Karibu na ngoma mawimbi hayo huenea pande zote kwa mviringo, na kwa kuenea hupungua nguvu. Yakifika mbali sana, kipande kilifikiacho sikio huwa kama kimenyoka, mfano wa mawimbi ya bahari kuu yaujiayo mwamba kwa safu ndefu.

Katika joto la pwani yetu sauti hupita hewani kadiri ya mita 350 kwa sekunde. Kwa hiyo ukiona umeme, ukahesabu sekunde 3 tu kabla ya ngurumo, tufani iko kilometa 1 hivi, nawe umechelewa kushusha tanga. Katika gesi nyepesi huenda mbio zaidi: ndani ya methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, hupita kadiri ya mita 450.

Sasa tuje kwenye kizuizi. Ngoma nene itikisikayo mara 100 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa mita 3 na nusu. Filimbi itikisikayo mara 3,500, wimbi lake ni sentimeta 10 tu. Nenda Kilwa Kisiwani, ujifiche nyuma ya ukuta wa Gereza, ile ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505, na mwenzio avipige vyote viwili upande wa pili. Mawimbi marefu ya ngoma huizunguka pembe ya ukuta. Yale mafupi ya filimbi huacha kivuli, kama jua. (Enyi waalimu, wapelekeni watoto, wataelewa upesi kuliko ubaoni.) Basi ngalawa ikiwa nyuma ya rasi, ipigwe ngoma kubwa. Sisemi filimbi haifai: pasipo kizuizi, sikio huitambua mara moja.

Tena kuna upepo. Kusi ikivuma, nawe wamwita aliye kusini, sauti yako hupindwa juu, maana upepo wa juu una nguvu kuliko wa chini; nayo humpita kichwani. Panda kilimani, na yeye apande mlingoti. Lakini alfajiri tulivu mambo hugeuka: hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti huinamishwa majini, na mtu wa Lindi huweza kusikia maneno ya watu wa Kitunda, ng'ambo. Saa hiyo nyamaza kwanza usikilize. Huenda yeye ndiye aitaye.